Duara Lenye Mistari Miwili

Baada ya miaka thelathini na moja ya ualimu, Papa Hilaire Kasika anastaafu tarehe 31 Julai 2024. Sisi wenzake wa idara ya informatique, yaani sayansi ya kompyuta, hapa Walikale bado tunajifanya hatujaiona tarehe hiyo kwenye kalenda.

Mzaliwa wa Muheto, Masisi, alikuja kufundisha hesabu. Idara yetu ilipofunguliwa mwaka 2006, alipewa somo ambalo wengine tulilikwepa: automata, yaani mashine za kufikirika zinazosoma neno herufi kwa herufi, kisha kulikubali au kulikataa. Umeme hatukuwa nao. Kompyuta ilikuwa moja, nayo mbovu. Papa Hilaire alichora maduara uani kwa chaki, na wanafunzi wenyewe wakawa mashine. Aliyeishia kwenye duara lenye mistari miwili, neno lake limekubaliwa.

Mwaka 2011 alikuja mkaguzi kutoka Goma. Somo la mashine lisilo na mashine lilikuwa karibu kufutwa, na bila hilo idara ingefungwa. Asubuhi hiyo chaki ikawa imeisha. Kwa wasiwasi, Papa Hilaire alichukua unga wa mahindi wa mkewe, Mama Adelaïde, akachora maduara mawili, la kuanzia likiwa lile la mistari miwili. Alisahau kwamba uani kuna kuku.

Mashine ilitakiwa kukubali maneno yasiyo na herufi a, au yenye a mbili, nne, sita na kuendelea. Kila a, unavukia duara lingine. Kila b, unabaki ulipo. Mkaguzi akatoa neno lake: abba. Mwanafunzi Bibiche alivuka, akabaki, akabaki, akarudi, na duara alilosimama lilikuwa na mstari mmoja tu. Mkaguzi akaandika kwamba mashine imekosea. Sisi tukaona kazi imetuponyoka.

Bibiche hakutoka pale. "Hapana, Papa. Hiyo neno iko na a mbili, inakubaliwa. Kuku njo ilikula mustari ya inje."

Mkaguzi aliinama, akaona nyayo za kuku kwenye unga, pale ulipokuwa mstari wa nje, akafuta alichoandika. Alisema mwanafunzi anayejua kanuni hata mchoro ukiliwa amefundishwa vizuri. Somo likabaki. Mama Adelaïde akaanza kufungia unga wake kwa kufuli, na mumewe akahamia kwenye majivu.

Mwaka ujao somo litafundishwa na Bibiche huyo huyo. Papa Hilaire alipomkabidhi madaftari yake, aligeuka pembeni akasema anatafuta miwani, na miwani alikuwa ameivaa.

Papa Hilaire, tunakushukuru kwa moyo wote. Tunakuombea afya, na barabara ya Muheto, iliyofungwa na vita, iwe wazi ukaone tena mashamba ya kwenu. Siku ya sherehe utakuta uani duara la majivu, mistari miwili, kazi ya Bibiche. Tafadhali, simama humo kidogo.