Eda ya Waingereza

Hivi nyie wenzangu, nani hapa alishawahi kuiogopa nchi ambayo hajaikanyaga hata kwa unyayo mmoja?

Mnanitazama! Loo, na salamu sijatoa. Asalaam aleikum. Haya, itikieni vizuri, msinung'unike kama mmeamshwa. Nimeambiwa nisimame mbele ya kikundi chetu cha ususi niseme kilichoniangusha na vipi nikainuka. Mie shule niliishia kujua kuandika jina langu, kwa hiyo mambo ya serikali za watu nitayasema kama nilivyoyaelewa. Nikikosea, mwalimu yule pale atanisahihisha nikishamaliza. Asinikatize, maana nikikatizwa naanza upya.

Binti yangu wa mwisho mnamjua. Alikuwa jikoni kwenye hoteli za wageni kule Utende, akatokea kijana mmoja anayefundisha watu kuzamia, akampenda. Mreno. Kaka yangu ndiye msimamizi wa ndoa, aliposikia akaruka: "Mreno? Hao hao waliofukuzwa pwani na mababu, leo waje kuoa?" Nikamwambia, "Kaka, huyu hajaja na mzinga, kaja na begi." Kijana akasilimu, wakaozeshwa, akakaa hapa Kiegeani mpaka Kiswahili kikamwingia. Kiswahili cha kuokoteza, lakini kinafika.

Halafu wakahamia Uingereza. Kule, wakati ule, Mreno alikuwa anaingia na kufanya kazi bila kuombwa kibali. Walikuwa na umoja wao wale Wazungu, nchi nyingi zimeungana kibiashara, mtu wa huku anaingia kwa yule kama nyie mnavyoingiliana kuombana chumvi. Na binti yangu akakaa kule kwa mgongo wa mumewe. Hapo nishikieni vizuri: mume akiwa na haki ya kukaa, na mke anakaa. Mume akiikosa, na mke kaikosa. Wakazaa huko mtoto wa kike, mjukuu wangu, ana macho ya baba yake na domo langu.

Sasa siku hiyo nimeanika miyaa yangu ya kusukia mikeka juani, simu ikalia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu, habari za huko?"

"Salama. Mama, huku wameachana..."

Mtandao wetu mnaujua, ukaanza kukwaruza kama mtu anaparura sufuria. Nikasikia tena: "...sijui kama atabaki." Imekatika.

Wallahi nilikaa chini juu ya miyaa yenyewe. Nimesikia kuachana, nimesikia sijui kama atabaki. Ungekuwa wewe ungeelewa nini? Nikajua mwanangu kapewa talaka, na mume anabeba begi lake anaondoka. Nikaenda kwa kaka yangu kichwa wazi, kanga imebaki njiani. "Kaka, mtoto kaachwa!"

Kaka akasema, "Si nilikwambia!" Akampigia mkwe palepale. Ndugu zangu, mzee yule alifoka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka. "Umemwacha mtoto wetu kwa kosa gani? Sema! Tulikukabidhi kwa heshima!"

Na yule Mreno kule anapiga kelele: "Mjomba, mimi sijaacha! Mimi sijaacha mtu! Nchi imeniacha mimi!"

Chekeni. Na sisi tulicheka. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Kumbe Waingereza wamepiga kura, wamesema umoja ule hatuutaki, tunatoka. Wamewaacha wenzao. Nikarudi nyumbani natembea mwepesi, nimeokota kanga yangu, najiambia alhamdulillahi, ni mambo ya siasa tu.

Nimefika mlangoni ndipo maneno yakanirudia. Nchi imeniacha mimi. Sasa mtu aliyeachwa na nchi anakaa wapi?

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na ilipoingia haikuomba ruhusa. Nikamwendea mwalimu, nikamuuliza, "Watamfukuza?" Masikini mwalimu, mtu mkweli, akasema, "Bibi, hata wao wenyewe bado hawajajua." Nyie! Bora angeniambia ndiyo. Bora angeniambia hapana. Serikali nzima, na makoti yao, hawajajua! Wiki hii redio inasema wanatoka, wiki ijayo inasema bado wanabishana. Mkubwa wao mmoja anajiuzulu, anakuja mwingine, naye anasema lake. Mie nimekaa hapa na ukili wa mkeka mkononi, nangoja watu nisiowajua waamue mwanangu atalala wapi.

Nikimpigia binti, ananiambia, "Salama tu, Mama." Sauti yake naijua toka yumo tumboni, haikuwa salama ile. Siku moja likamponyoka. Mumewe alikuwa dukani anaongea na mtoto Kireno, mtu mmoja akamwambia rudini kwenu. Mtoto akarudi nyumbani akamuuliza mama yake: "Baba akienda kwao, na wewe ukienda kwa Bibi, mimi naenda na nani?"

Hilo neno, jamani. Hilo ndilo lililoniangusha.

Sikula. Nikisuka ukili, mikono inakwenda yenyewe, nikitazama nimekosea, nafumua. Pikipiki ikisimama nje, nadhani kaletwa mtu na habari. Simu ikilia, nakimbilia chooni. Mwisho nikaichukua ile simu nikaitia ndani ya kopo la mchele, nikafunika, nikaweka na kinu juu. Ikawa inalia mle ndani kama panya. Nikasema lisiloingia sikioni mwangu halijatokea. Mnaona akili hiyo? Kumbe mtoto kule anapiga, sipokei, naye anadhani mama yake kafa. Tunaogopeshana, huyu huku, yule kule.

Aliyenitoa ni somo yangu, huyu hapa, usijifiche nyuma ya mtandio, somo, nakutaja wewe. Wote mnajua yeye ndiye anayewafunda mabinti wari hapa kijijini. Binti kampigia yeye. Akaja na nyie wanakikundi, mkajaa ukumbini kwangu kama mmekuja msibani.

"Shoga," akaniambia, "simu yako iko wapi?"

"Iko kwenye mchele."

"Umeipika?"

Hata sikucheka. Nikalia, nikamwambia yote. Nikamwambia Waingereza wametoa talaka, mkwe wangu ataondoshwa, na mwanangu, na mtoto hajui amfuate nani.

Somo akatafuna tambuu yake. Kisha akaniuliza swali ambalo katika dunia nzima lingeulizwa na kungwi tu. "Na eda je?"

"Eda ya nani?"

"Ya hiyo talaka. Mwanamke akiachwa anatolewa nje siku ileile? Si anakaa eda ndani ya nyumba? Si analishwa, si anastiriwa, mpaka muda wake ufike? Sasa hao Waingereza wameacha, sawa. Muda gani wametoa? Na ndani ya huo muda mtu afanye nini? Umeuliza?"

Sikuuliza. Ndugu zangu, miezi yote ile ya kukimbilia chooni na kufumua ukili, nilikuwa nauliza swali moja tu, watamfukuza, watamfukuza. Hilo la muda halikunijia. Tukafukua kopo, simu imejaa vumbi la mchele, tukampigia binti, tukaweka spika wote wasikie.

"Mama! Uko hai!"

"Niko hai, baadaye utanigombeza. Sikiliza, hao Waingereza waliotoa talaka, kuna eda?"

Mwanangu akacheka na kulia kwa pamoja. "Ipo, Mama. Ipo. Wametoa muda. Aliyekuwa huku kabla hawajatoka anaomba, anapewa haki ya kuendelea kukaa. Na mimi ninaomba kupitia kwake. Lakini muda ukipita..."

"Mmeshaomba?"

Nikamsikia anafunga mlango, akashusha sauti.

"Hataki, Mama. Amesusa."

Jamani! Muda unakwenda, mtu kasusa! Mkwe na mamamkwe tuna haya zetu, hatuongeleshani ovyo. Siku ile haya niliivua nikaitundika ukutani. Nikasema mpe simu.

"Mama, shikamoo," Mreno akasema, sauti ndogo.

"Marahaba. Kwa nini huombi?"

"Mama, mimi kaa hapa miaka mingi. Mimi fanya kazi. Mtoto zaliwa hapa. Hii nyumba yangu. Kwa nini niombe kukaa nyumba yangu? Mimi si mwombaji."

Nikamwelewa, msidhani sikumwelewa. Mtu ameambiwa rudi kwenu mbele ya mwanawe, halafu tena akawaombe haohao. Inauma. Wanawake wote wakanitazama. Nikaona nimuulize tu ninachokijua.

"Mkwe wangu, ulipokuwa unaishi hapa, ukitoka kazini ulikuwa unafanya nini mlangoni?"

"Napiga hodi."

"Na ilikuwa nyumba yako?"

"Nyumba yangu, ndiyo. Mke wangu ndani."

"Nani alikwambia wewe mwombaji?"

Nikaendelea palepale.

"Kaka yangu hapa, nyumba kajenga kwa mikono yake, anaingia na hodi mpaka leo. Hodi ni yako, baba, haikupunguzii kitu. Wakipigiwa hodi wasiitikie, aibu ya kwao. Lakini eda ikiisha na wewe umekaa uani umenuna, mlango unafungwa, na mke wako yuko nyuma yako, na mtoto yuko nyuma ya mke wako."

Somo ananikonyeza niendelee, namwashiria sina tena. Kisha nikamsikia mkwe anapumua.

"Sawa, Mama. Napiga hodi."

Msishangilie bado! Kuomba ni kitu kingine, kujibiwa ni kitu kingine. Tulingoja. Hofu ya kungoja jibu ni kali kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa una tumaini la kupoteza. Nyie mlinisukia mikeka yangu nisipoweza, mkija zamu kwa zamu kunikalia, mwingine kanisimulia kisa chote cha ng'ombe wake wa Ndagoni nisipate nafasi ya kuwaza. Jibu la mkwe likaja kwanza, kakubaliwa. La binti likachelewa. Simu ilipolia siku hiyo sikuigusa, aliipokea somo, nami namtazama mdomo. Aliposema "alhamdulillahi" nilidondokea mkeka wa watu uliokuwa karibu kwisha. Yule mwenye mkeka anisamehe.

Kwa hiyo nashukuru. Somo yangu, Mungu akuweke. Kaka yangu, kwa kumpigia Mreno simu ya pili ya kumtaka radhi. Mwalimu, kwa kutonidanganya. Na nyie nyote. Na nikisema hofu imekwisha nitakuwa mwongo mbele yenu. Wenye nchi wanaweza kukaa tena wakapiga kura nyingine, mie sitaulizwa. Ila nimejifunza hivi: ukisikia unaachwa, usiishie kulia. Uliza muda gani, na ndani ya muda huo mlango upi ukaupigie hodi. Na usiulize ukiwa peke yako, utauliza swali baya.

Kisha, mjukuu wangu. Juzi nilimweleza kuwa bibi yake bado simu ikilia anatamani kuitia kwenye mchele, kwa sababu kwa muda mrefu simu ilikuwa haiji ila na habari za kutisha. Akafikiri. Kiswahili chake ni cha baba yake, mtanisamehe, nayasema kama alivyoyasema:

"Bibi, mimi naahidi. Mimi nitapiga simu siku ambayo hakuna kitu."