Hukumu ya Fundi Rula

Siku Fundi Rula alipokwenda kusikiliza hukumu, benchi lilijaa mapema. Benchi lenyewe liko mbele ya kibanda changu cha kutengeneza saa, na ni yeye, seremala wetu, aliyelichonga, kwa hiyo kesi yake tuliiona kama yetu. Miezi tisa mizima yeye na mkewe, muuguzi wa hospitali, walivutana mahakamani. Mke aliomba talaka, Rula akakataa. Alipokuja kukubali kwamba ndoa imekufa, ugomvi ukahamia kwa binti yao wa miaka minane, kila mmoja akimtaka mzimamzima. Basi alasiri ile tulikaa kumsubiri: mimi, Wakili, ambaye hakusomea sheria ila alilinda mlango wa mahakama miaka kumi na moja, Kinyozi wa kibanda cha pili, na Masafa, fundi redio. Chupa ya kahawa ilikuwa katikati yetu.

— Mtoto wa kike ni wa mama, alianza Wakili. Imeandikwa.

— Imeandikwa wapi? Kinyozi aliuliza.

— Kwenye kitabu kikubwa. Nilikuwa nakiona kila siku kikiingia na kutoka.

— Ulikisoma?

— Mimi nililinda mlango, sikulinda kitabu.

Kinyozi akacheka mpaka kahawa ikampalia.

— Acheni vitabu. Hakimu ni binadamu, anaangalia sura. Ndiyo maana leo asubuhi nimemnyoa Rula ndevu nikamtoa kama bwana harusi.

— Kwenye kesi ya talaka? Wakili alishangaa. Umemmaliza!

Masafa alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyekaa na wajinga siku nyingi.

— Nyie hamjui kitu. Siku hizi ni mitambo. Yule dada wa ustawi wa jamii aliyekwenda kukagua kwa Rula, mnadhani ile kalamu yake ilikuwa kalamu? Kinasa sauti kile! Kinanasa mtoto anavyocheka. Wanakwenda kupima: kwa baba kacheka mara ngapi, kwa mama mara ngapi.

— Na kama kachekeshwa na katuni? Kinyozi aliuliza.

Masafa alifikiri kidogo.

— Katuni wanazitoa. Kuna kichujio.

Wakili hakukubali kuachwa nyuma.

— Hayo madogo. Mtoto anawekwa katikati ya chumba, baba kona ile, mama kona hii. Wanamwita kwa mpigo. Atakakokimbilia, ndiko huko huko.

— Uliona kwa macho yako? Masafa aliuliza.

— Mlango ulikuwa umefungwa. Lakini nilisikia miguu.

Hapo ndipo Rula alipotokea, koti begani, tai ikichungulia mfukoni. Alikaa bila kusalimu. Kinyozi akammiminia kahawa.

— Ndoa imevunjwa, alisema Rula mwenyewe, kavu kabisa, kama anayesoma vipimo vya ubao. Lakini kahawa ilimmwagikia suruali, wala hakuifuta.

— Pole, ndugu yangu, nilimwambia. Na mtoto?

— Hakimu alimwita ofisini kwake, yeye na yule dada wa ustawi tu. Sisi tukabaki kwenye korido, benchi moja, mimi mwisho huu, mama yake mwisho ule. Nusu saa hatukusemeshana. Mtoto alipotoka, alikuwa anakula biskuti.

— Biskuti! Masafa aliruka. Hicho ndicho kipimo chenyewe!

— Masafa, nyamaza, Wakili alimkemea.

— Tukarudi ndani. Nikasema, mama yake anaingia zamu za usiku, mtoto atalala na nani? Mama yake akasema mimi nalala karakanani kwenye vumbi la mbao, na mtoto ana shida ya kifua. Yote kweli, hakuna aliyedanganya. Hakimu akaniangalia. Akasema, "Wewe ni seremala. Watu wawili wakigombea kabati, ukalipasua katikati, utakuwa umewapa nini?" Nikamjibu, "Kuni, mheshimiwa." Nikasikia mama yake analia. Halafu nikasikia mtu mwingine analia, kumbe ni mimi.

Wakili alijifanya anatafuta kifuniko cha chupa, na kifuniko alikuwa nacho mkononi.

— Akaamua hivi, Rula aliendelea. Wiki ambazo mama yake yuko zamu ya usiku, mtoto analala kwangu. Wiki nyingine zote, kwa mama. Nihame karakanani, nikae kwenye chumba nilichopanga, na yule dada atakuja kukagua bila taarifa. Ada na matibabu tunasaidiana. Na hakuna kumsema mwenzako vibaya mtoto akisikia.

— Kwa hiyo umeshinda!

— Sijui, Kinyozi. Zamu ya usiku inaanza leo.

Basi tena, kelele. Kinyozi alisema ni ule unyoaji wa asubuhi. Wakili alisema ni yeye aliyemfundisha kusema "mheshimiwa". Masafa aling'ang'ania biskuti. Walikuwa bado wanagombea ushindi wa mwenzao pale mama wa mtoto alipofika na sare yake nyeupe ya uuguzi, amemshika binti mkono, na begi begani. Tulisimama wote.

— Karibu, she... Wakili akakwama. Alitugeukia: bado ni shemeji?

— Mahakama imevunja ndoa, alisema yule mama. Ushemeji sijasikia ukitajwa. Hamjambo?

— Hatujambo, shemeji!

Alimkabidhi Rula begi.

— Sare ya shule hii. Dawa ya kifua hii, vijiko viwili kabla ya kulala. Viatu vimeshapigwa rangi. Halafu kesho ni shule, na mwalimu wake hataki nywele timutimu. Nani atamsuka?

Wakili na vifungu vyake vyote alitazama ardhini. Masafa aligeuka kuangalia barabara, ambako hakukuwa na kitu. Tukamkazia macho Kinyozi.

— Msiniangalie mimi. Kazi yangu ni kuondoa.

Binti alishika kichwa kwa mikono miwili.

— Baba, usimpe kichwa changu!

Rula aliweka kikombe chini.

— Nitamsuka mimi, alisema. Ila sijui. Nionyeshe.

Mama aliniuliza ni saa ngapi. Nilikuwa na saa kumi na nne ukutani, kila moja na wakati wake, nikamwambia la kweli: bado ana dakika arobaini kabla ya zamu. Akakaa. Binti akaketi chini, mbele ya baba yake.

— Gawa hapa. Usivute. Shika mafungu matatu, la kulia lipite juu.

— Inauma, mama?

— Kidogo, baba, alijibu mtoto, maana Rula humwita binti yake "mama".

Rula alichomoa penseli yake ya useremala mfukoni, na kwa ncha yake akachora mstari wa kugawa nywele. Ulinyooka hata mama akainama kuutazama mara mbili.

— Huo umenishinda, alisema, na kwa mara ya kwanza katika miezi tisa tuliwaona wanacheka pamoja.

Msuko wa kwanza ulitoka mnene, umepinda. Wa pili ulikaa vizuri. Mama aliaga akaenda kazini. Binti alipapasa kichwa huku na huku, polepole, sisi wote tukimsubiri.

— Huu wa kwanza ufumue, baba. Wa pili naweza kwenda nao shule.

Rula alikuwa ameshaanza kufumua.