Mwacheni Aende: Mwalimu wa Kalamu ya Kijani

Mwalimu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la nguo. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake muuguzi wa zahanati. Walizaliwa wawili tu. Wa pili ni huyu fundi viatu anayewasomea karatasi hii, na akikwama mumvumilie, maana aliyemsahihishia maandishi yake maisha yote ndiye huyu aliyelala hapa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, sekondari kuanzia 1980 hadi 1985, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1988. Lakini ualimu aliuanza zamani, kabla ya cheti. Jioni alikuwa akichukua chaki ya baba ya kukatia nguo, anamketisha mdogo wake chini ya meza ya cherehani na kumfundisha yote aliyofundishwa mchana. Mwanafunzi akisinzia, anafinywa. Siku moja aliandika jedwali zima la kuzidisha kwenye kitambaa cha suruali ya mteja. Baba alifoka wee! Mteja mwenyewe alipoona alicheka hadi machozi, akasema ishonwe hivyo hivyo, namba zikae upande wa ndani.

Januari 1989 aliajiriwa katika sekondari ya kutwa, kufundisha Kiswahili na jiografia. Hapo ndipo alipofanya kazi miaka thelathini na mitatu. Wanafunzi walimwita Bi Kijani kwa sababu ya kalamu yake. Nyekundu hakuipenda, alisema inamtia mtoto hofu kabla hajasoma kosa lake.

Mwaka 1993 tangazo lilibandikwa ubaoni katika chumba cha walimu. Ulikuwa ufadhili wa kimataifa wa mwaka mmoja: unasoma katika chuo kikuu cha ng'ambo, na huku unawafundisha wanafunzi wa huko lugha yako. Nchi nzima walichukuliwa watu wawili. Wenzake walisoma, wakacheka, wakaenda kunywa chai. Yeye alibaki amesimama pale ubaoni. Tangu siku hiyo hakutulia.

Fomu ilitaka nakala tano, akazipeleka kwa mpiga chapa wa karibu na kituo cha posta. Kijana yule, badala ya kutoa nakala, akaanza kusoma.

“Dada, hapa umesaini lakini tarehe hujaweka.”

“Kazi yako kutoa nakala au kuchungulia mambo ya watu?”

“Vyote viwili. Na ukinirudishia habari za majibu, nakala hizi ni bure.”

Majibu yalipokuja yalikuwa ya kukataliwa. Alirudi kuyapeleka hata hivyo, na tarehe 17 Desemba 1994 wakafunga ndoa. Walijaliwa binti mwaka 1996 na mtoto wa kiume mwaka 1999. Karatasi mlizoshika mikononi zimechapwa na mume wake, kwa mashine ile ile.

Aliomba tena 1995. Akakataliwa. Akaomba 1998, 2000 na 2001, wapi! Barua zote tano alizihifadhi ndani ya boksi la viatu alilochukua kwa mdogo wake, na mdogo mtu alipomwambia azichome moto aondoe nuksi, alimjibu, “Wewe shona viatu.” Lakini alikuwa akiumia. Usiku wa barua ya tano alilia jikoni huku bomba likimwaga maji, ili watoto wasisikie.

Mwaka 2002, alipokuwa akiomba mara ya sita, mashine ya kuandikia ya shule iliharibika. Mwalimu mkuu akaipeleka barua yake ya kumpendekeza ikachapwe kwa mpiga chapa, bila kukumbuka mpiga chapa huyo ni mume wa nani. Ilikuwa barua ya siri. Mume alirudi nyumbani, akakisukuma chakula pembeni. Mke akambana weee, mpaka akasema.

Barua iliandikwa hivi: “Mwalimu huyu ndiye nguzo ya shule yetu. Akiondoka hata mwezi mmoja, kidato cha nne wataanguka. Hatuwezi kufanya kazi bila yeye.” Na kumbe ndivyo ilivyoandikwa kila alipoomba, mara zote tano.

Asubuhi alikuwa ofisini kabla ya kengele.

“Mkuu, umenisifu mpaka umenifunga.”

“Kukufunga? Mwalimu, mimi kila ukiomba nakesha natafuta maneno mazito kuliko ya mara iliyopita!”

“Sasa jifanye wewe ndiye unayechagua. Umeletewa barua hii. Ungemtoa huyo mtu shuleni kwake?”

Mkuu alivua miwani. “Nisingemtoa,” akasema. “Ningeona ni dhambi. Ee Mungu wangu, mwalimu, nimekufanyia nini?”

Hakumgombeza. Alimsogezea kalamu ya kijani. Mkuu alifuta sentensi zile mbili za mwisho na kuandika chini yake: “Atatupungukia, lakini mwacheni aende. Tutajipanga.”

Agosti 2003 aliondoka, akiwa na miaka thelathini na saba. Mume alibaki na watoto, akajifunza kusuka nywele za binti yake, upogo kidogo. Mdogo wake alimshonea viatu vya baridi na kuapa kwamba havipitishi maji. Wiki ya pili ikaja kadi: “Fundi, viatu vyako vimekunywa maji yote ya mji huu. Mimi mzima. Nina wanafunzi kumi na sita, na leo mmoja amenitania kwa Kiswahili bila kufungua daftari. Sijawahi kufurahi hivi.” Fundi anayo kadi hiyo hadi leo, na viatu vile ameshaacha kuvitetea.

Alirudi Juni 2004, darasani kwake kule kule. Jumamosi alifungua meza yake ya kulia chakula kwa yeyote anayeomba nafasi kama ile. Ukiandika “nina bidii sana,” kalamu ya kijani inapita, anakuuliza, “Umefanya nini?” Ukiandika “naipenda elimu,” anakuuliza tena, “Umefanya nini?” Watu walitoka pale wamenuna, wakirudi wana habari za kweli. Kumi na wanne walisafiri, na baadhi yao wamesimama hapa leo. Waliokataliwa aliwafungulia lile boksi, wakahesabu barua zake, wakajaribu tena.

Mei 2022 figo zake zilianza kushindwa. Kila Jumanne na Ijumaa alipelekwa hospitali kusafishwa damu, na aliyempeleka ni binti yake, naye mwalimu. Februari mwaka huu binti alipata ufadhili ule ule wa mama yake. Hakumwambia mtu. Barua aliificha ndani ya boksi la viatu, akidhani mama hana tena nguvu za kulishusha kabatini. Hakumjua mama yake vizuri. Bi Kijani alilishusha, akakuta barua moja yenye furaha katikati ya zake za kukataliwa, na nyuma yake rasimu ya jibu: “Nashukuru, lakini siwezi kuja. Mama yangu hawezi kubaki bila mimi.”

“Nani kasema?” aliuliza.

“Mama, unaumwa.”

“Naumwa, ndiyo. Mwanangu, miaka kumi nilifungwa na barua ya mtu aliyenitakia mema. Mimi barua hiyo sikuandikii.”

Alifuta rasimu kwa kalamu ya kijani, akaandika chini: “Mwacheni aende. Tutajipanga.” Kisha akatugawia kazi palepale: mume wake Ijumaa, mdogo wake Jumanne. Binti alisaini kukubali, analia.

Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Julai 2024, saa nne asubuhi, usingizini, mume wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, mdogo wake, na wanafunzi ambao hakuna anayejua idadi yao.

Tangu juzi tumesikia wengine wakinong'ona kwamba binti aahirishe safari, abaki na baba yake. Nia yenu ni njema. Ya mwalimu mkuu pia ilikuwa njema. Ndege ya binti inaondoka Jumamosi, tarehe 10 Agosti. Baba yake tutamlea sisi. Mjomba, ambaye ndiye mimi, nimeshona viatu vingine, na safari hii nimevijaribu kwenye beseni.

Mwalimu mkuu, ambaye sasa amestaafu, aliomba sentensi moja tu katika karatasi hii. Alisema amekatazwa kuiandika kwa miaka ishirini na miwili, aruhusiwe leo: “Hatuwezi kufanya kazi bila yeye.” Tukamruhusu. Kisha akaomba kalamu, akaongeza mwenyewe.

Atatupungukia. Mwacheni aende, apumzike kwa amani. Tutajipanga.