Viatu vya Elifasi Mchome, 1979–2025

Mchungaji na wazee wa usharika, mama yetu Hana, shemeji Ernesta, na ninyi nyote mliopanda mlima kutoka Same, Makanya na Kihurio ili kumzika ndugu yetu pamoja nasi, mimi ni Gadiel Mchome, namfuata marehemu kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuisoma historia yake. Karatasi hii ilichapwa juzi mjini Same na mwanawe mkubwa, Rodgers, baada ya kikao cha familia, na nitaisoma kama ilivyoandikwa isipokuwa sehemu moja, nikifika hapo nitasema, ili Rodgers asilaumiwe.

Elifasi Eliezeri Mchome alizaliwa tarehe 12 Machi 1979 hapa Vudee, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Eliezeri Mchome, aliyetutoka mwaka 2011, na mama Hana, akabatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 3 Juni mwaka huohuo. Alizaliwa na kilo mbili na nusu, na kadi yake ya kliniki, ambayo mama ameihifadhi ndani ya Biblia mpaka leo, inaonyesha mstari ukipanda vizuri mwezi hadi mwezi, na manesi hawakuwa na neno naye.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha akateremka Same kwa masomo ya sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, akiwa na urefu wa futi tano na inchi nane. Urefu huo naomba muukumbuke, maana hakuongezeka hata inchi moja tangu hapo, na ndiyo sababu wengi wetu tulipomwangalia hatukuona kitu.

Tarehe 2 Mei 2000 aliajiriwa kwenye machimbo ya jasi Makanya, akaanza na sururu, mwaka 2006 akawa msimamizi wa upakiaji wa malori, kazi aliyoifanya hadi Oktoba 2023 nguvu zilipomwishia. Kila Jumamosi alipanda nyumbani na vumbi jeupe kwenye nyusi, akala makande ya mama, akaenda mazoezi ya kwaya.

Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa takatifu na Ernesta, akiwa amevaa suti ya kijivu na viatu vyeusi vya ngozi, namba nane, alivyoshonewa na fundi Rashidi pale Same, na Mungu akawajalia watoto watatu, Rodgers mwaka 2007, Jenifer mwaka 2010 na Blessing mwaka 2015.

Sasa nimefika kwenye ile sehemu. Karatasi inasema marehemu alianza kuugua mwezi Agosti 2021, na familia ilikubaliana hivyo kwa sababu ndivyo faili la hospitali linavyosema, lakini mimi sitasoma hivyo, mnisamehe. Marehemu alianza kuugua Jumapili ya Pasaka, tarehe 23 Machi 2008, pale kibarazani, alipovua vile viatu vyake vya harusi, akasema vinambana, akanipa mimi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejiuliza mtu mzima wa miaka ishirini na tisa anaongezekaje miguu.

Mimi navaa namba nane, nilishukuru, nikavipaka rangi. Mwaka 2010 akanipa pea ya namba tisa, nikatia pamba mbele, mwaka 2012 namba kumi, nikatia magazeti, na zilipofika namba kumi na moja nikawa nachukua tu na kugawa, hivyo hata hapa msibani wapo waliokuja wamevaa viatu vya marehemu, msifiche miguu chini ya benchi, hamkujua, na mimi niliyewapa sikujua. Pea saba nilibaki nazo, ikiwemo ile ya kwanza.

Mwaka 2013 sauti yake ilishuka, akahamishwa kutoka sauti ya teno kwenda besi, kwaya ikafurahi kwa sababu besi zilikuwa chache. Mwaka 2014 pete ya ndoa ilikatwa kwa msumeno na fundi pikipiki, tukasema ameshiba, ndoa imemkubali. Meno ya mbele yakaachana, tukasema amepata mwanya, na shemeji Ernesta akataniwa kwamba ameolewa na bwana mmoja, Mungu akambadilishia akampa mzuri zaidi. Shemeji peke yake alilalamika mara mbili kuhusu kukoroma na jasho lililolowesha shuka, mara zote mbili alinieleza mimi, na mara zote mbili nilicheka.

Mwaka 2019 alipimwa akakutwa na kisukari na presha, akapewa dawa, akaambiwa apunguze ugali, akapunguza. Tarehe 18 Agosti 2021 alipelekwa hospitali ya mkoa kwa kuishiwa pumzi, na huko daktari mmoja, Dokta Victoria, alimpa mkono kumsalimia, akabaki ameushika, akaomba picha yake ya zamani. Marehemu alitoa kadi ya mpiga kura ya mwaka 2005, daktari akaiweka kando ya uso wake, akaangalia, akamwuliza anavaa kiatu namba ngapi, na tangu lini.

Ndipo marehemu alipopiga simu akaniambia, Gadiel, vile viatu bado unavyo, vitie kwenye mfuko wa salfeti uvilete. Nilivipeleka. Daktari alivipanga sakafuni kwa kufuata namba, kuanzia nane hadi kumi na tatu, namba kumi zikiwa pea mbili, akaniomba nitaje mwaka wa kila pea, akiandika.

Marehemu aliagiza maelezo ya daktari yasomwe siku hii, kwa kuwa yapo maneno yaliyosemwa huko chini Makanya kwamba mwili wake ulibadilika kwa sababu alikwenda kwa mganga kutafuta cheo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kama punje ya kunde, inayotoa homoni ya ukuaji, homoni hiyo ikifika kwenye ini, ini nalo hutoa kichocheo kinachofanana na insulini, ambacho kwa kifupi huitwa IGF-1, na hicho ndicho huiambia mifupa na nyama vikue. Kwa mtoto ni lazima kiwepo, bila hicho mstari kwenye kadi ya kliniki haupandi, na kwa mtu mzima kinatakiwa kipungue, ila tezi ya marehemu iliota uvimbe na haikunyamaza, ini likaendelea kutii, na damu yake ilipopimwa Dar es Salaam kichocheo hicho kilikuwa mara tatu ya kinachotakiwa kwa umri wake. Mifupa mirefu ya mtu mzima imeshafunga, hairefuki, kwa hiyo vilinenepa mikono, miguu, taya, ulimi na moyo. Ugonjwa huo unaitwa akromegali. Hakwenda kwa mganga.

Tarehe 9 Februari 2022 alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam kupitia puani, uvimbe ukatolewa nusu, nusu nyingine ilikuwa imeshazunguka mishipa, akaendelea na sindano kila mwezi, lakini moyo ulikuwa umeshatanuka. Watu wengi jana na leo wamesema marehemu alikuwa na moyo mkubwa, nami nimeitikia. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, Ernesta akimshika mkono.

Siku ile ya viatu daktari alisema kwamba kwenye pea ya pili uvimbe ungekuwa bado mdogo, ungetoka wote, kisha akaniuliza, bila ukali, kama nilipopewa pea ya pili sikushangaa, nikamjibu kwamba nilishukuru. Sijalia tangu Jumatatu, watu wamenisifu kuwa nimejikaza, sijajikaza, sisikii kitu. Ninachoomba ni kwamba, kama kuna mtu mzima hapa ambaye pete au viatu vimeanza kumbana, asimpe mdogo wake, aende hospitali.

Familia inawashukuru Dokta Victoria na wauguzi wote, wafanyakazi wenzake wa machimboni, kwaya, majirani mliochimba kaburi kwenye mwamba huu, na fundi aliyetengeneza sanduku, ambaye alikuja kupima mara mbili akidhani amekosea upana.

Kaka Elifasi, leo nimevaa ile pea ya kwanza, namba nane, haina pamba wala gazeti, inanitosha. Wewe umelazwa bila viatu, kama ulivyotaka, visikubane. Lala kwa amani, kaka, sasa miguu imeacha kukua.