Miti Arobaini, Damu Moja

Kwenye benchi la Saa Mbovu, fundi saa ambaye saa yake mwenyewe haijawahi kuelewana na jua, kahawa ilikuwa moto na ubishi moto zaidi. Mama Kitalu, kibarua wa kitalu cha miti, alisimama mbele ya wanywaji, mtoto mgongoni, jani la njano mkononi. Ile miti arobaini ya kale iliyopamba mtaa ilikuwa inanyauka, na bosi wake kasema: bila mti jike wa kuzaa mbegu mpya, Ijumaa kitalu kinafungwa. Yeye na mwanawe watakula nini?

— Wataalamu wamepima majani, alisema mbio mbio. Yote arobaini ni mti mmoja! Tawi la mti dume mmoja limekatwa, likapandwa, likakatwa tena!

— Si ndiyo raha? akasema Saa Mbovu. Umoja ni nguvu.

— Nguvu gani, kaka? Mmoja akiugua, wote wanaugua. Hakuna mwenye damu tofauti wa kusalimika!

Takwimu, karani mstaafu, akapuliza kikombe.

— Ukoo huu ulikuwepo kabla ya ua la kwanza duniani. Ndugu zake wote wamekufa, umebaki peke yake. Asilimia tisini, huo ni upweke.

— Upweke wapi! akadakia Saa Mbovu. Ni mnara wa simu. Unaichanganya miti akili.

— Basi imegoma, akajibu Takwimu. Madume matupu kama kambi ya jeshi, ungekuwa wewe ungechanua?

— Jamani, nawauliza miti jike! akasema Mama Kitalu. Si majike yalikuwepo humu humu mtaani?

— Yalikuwa yananuka, binti yangu, akasema Takwimu. Tunda likidondoka, utadhani choo kimefurika. Tukaandika barua, sahihi mia na kumi na mbili, yakafyekwa yote. Mkono mmoja haulei mwana!

Mama Kitalu alitamani kumwagia mtu kahawa.

Mwanamke mmoja aliyeleta saa ya mumewe itiwe betri, mgeni wa mtaa, alikuwa akisikiliza.

— Samahanini. Katika wote hao waliosaini, hakuna aliyebakiza hata jike moja uani kwake?

Saa Mbovu akainamia bisibisi. Takwimu akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu mageti ya ng'ambo.

Mama Kitalu hakungoja. Akakaza khanga ya mtoto, akavuka barabara, akaanza kugonga geti la kwanza.