Kadi ya Kasi na Kidude Chenye Raba Bendi

Benchi lenyewe lina miguu minne, ila mmoja ni tofali. Liko nje, kati ya kinyozi na fundi saa, na birika la mama wa kahawa limetulia pembeni. Asubuhi hiyo Digrii alikaa upande wa tofali, uso umemvimba kwa hasira. Jina la Digrii alipewa kwa kejeli, na miaka mitatu bila ajira imelifanya lizidi kunata. Leo lakini alikuwa na jambo la maana: saa nane mchana klabu ya mpira wa kikapu itamjaribu kupiga video ya mechi, kwa kamera ya dada yake. Kadi ya zamani ya kamera ilikuwa inarekodi sekunde kumi na moja, inazidiwa, inakata. Na meneja wa klabu alishasema, "Ukinikatia mechi katikati, usirudi." Ndipo jana Digrii akavuka barabara, akanunua kadi mpya ya kasi kwa Chaja, dada mwenye kibanda cha bluu cha vifaa vya simu.

Sasa walikuwa wanaipima. Betri ya kamera ilikuwa bado inachajiwa kwa Kinyozi, kwa hiyo walitumia laptopu yake ya kupigia muziki saluni. Kadi ikachomekwa kwenye kidude cha kusomea kadi, kikuukuu, kimefungwa raba bendi kisipasuke. Mzee Saa, fundi wa saa, akahesabu muda.

— Dakika saba na sekunde nane, akatangaza, kama anasoma matokeo ya mtihani.

— Kwa faili moja? Come on, Mzee, akasema Digrii. Pakiti imeandikwa megabaiti tisini kwa sekunde. Hili faili lilitakiwa liingie kabla hujamaliza kupiga chafya.

— Labda walipima wakiwa na haraka, akasema Kinyozi.

— Haraka si kipimo, bro. There's a formula.

— Formula imekupa kazi?

Mama wa kahawa akacheka puani. Digrii akameza kahawa pamoja na tusi.

— Mimi najua tatizo, akaendelea Kinyozi. Umeweka faili gani humo?

— Video ya harusi ya binamu yako. Si ilikuwa kwenye laptopu yako?

— Ndiyo hapo. Harusini kuna watu mia tatu. Kila mtu ana kichwa, kila kichwa kina nywele, na kadi lazima iandike unywele mmoja mmoja. Ungeweka video ya watu wenye vipara, ingeingia chap.

— Umesikia, Mzee? Huyu ana biashara, mimi nina cheti.

— Nywele ni uongo, akasema Mzee Saa kwa upole wa mtu aliye na uongo mkubwa zaidi. Shida ni kasi kuzidi. Kadi kama hii inakimbia kuliko wakati. Ikifika sekunde ya tisa, wakati uko kwenye ya tatu. Inabidi ikae isubiri. Hizo dakika saba, sita na nusu ilikuwa inasubiri.

— Inasubiri wapi?

— Mbele.

Kinyozi akatikisa kichwa kwa heshima. Hata yeye hakuwa amefika huko.

— Nyie mnacheza, akasema Digrii. Saa nane nasimama pembeni ya uwanja. Hii kitu ikikata, nimerudi benchi hili mpaka uzeeni. Kadi ni feki, period. Chaja ananiona mimi fala.

— Chaja huyu huyu aliyekuuzia waya ukadumu mwaka? akauliza mama wa kahawa.

— Ndiyo mbinu yao, mama yangu. Wanakuzoesha kwanza.

Akatoa simu. Akaandika kwenye grupu la mtaa, huku akisoma kwa sauti: "Wakazi, jihadharini. Kibanda cha bluu kinauza kadi feki. Tumepima kitaalamu." Akatuma. Kinyozi akampigia makofi mawili.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama hapo muda wote, mkononi saa ya ukutani ya kutengeneza. Akainama, akaitazama laptopu.

— Samahani, wanangu. Hiki kidude chenye raba bendi, chenyewe kina kasi gani?

Kinyozi akakigeuza, maandishi yalikwishafutika zamani. Mzee Saa akaanza kuifuta saa yake, ingawa ilikuwa safi. Mama wa kahawa akatikisa birika, likalia tupu.

Digrii akasimama. Akaingia kwa Kinyozi, akachomoa betri, akaitia kwenye kamera, akatia na kadi. Akabonyeza kitufe chekundu, akaielekeza kwenye benchi, kwa watu wale wanne. Sekunde kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Dakika ikapita, na benchi zima kimya, jambo ambalo halijawahi kurekodiwa na kadi yoyote.

— Futa ule ujumbe, akanong'ona Kinyozi.

— Watu arobaini na sita wameshasoma.

Wa arobaini na saba alikuwa ametoka kibandani, simu mkononi, mkono mwingine kiunoni. Hakuita. Alisubiri tu.

Digrii akavuka barabara, kamera ikining'inia kifuani. Kiingereza chote kilikuwa kimemkauka.

— Dada Chaja, nimekosa. Kadi ni nzima. Tuliichomeka kwenye takataka, tukailaumu yenyewe. Nisamehe.

Chaja akamwangalia usoni, kisha kifuani.

— Hiyo taa nyekundu ya nini?

— Inarekodi.

— Tangu kule benchi?

Digrii akatazama kioo cha kamera. Dakika mbili na sekunde hamsini, na namba bado zinapanda.

— Tangu kule.

— Haijakata?

— Haijakata.

Chaja akashusha mkono kutoka kiunoni. Akasogeza chaja na spika zilizoning'inia ili kadi zionekane vizuri nyuma yake, akakiweka sawa kitambaa cha kichwa.

— Basi geuza kamera huku. Rudia yote, polepole, na kibanda ukitaje. Hiyo ndiyo utaituma kwenye grupu kabla ya hiyo saa nane yako.