Historia ya Springi, Fundi wa Makochi, Ambaye Hakuwa Amelewa

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika, familia imemchagua dada mkubwa wa marehemu awasomee maisha yake, na kabla hajaanza anawaomba walio kule nyuma chini ya turubai waache kunong'ona, kwa sababu kinachonong'onwa huko kimeshafika hapa mbele, na historia hii itakijibu, ila kwa zamu yake.

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Springi, na ambaye hata mama yake mzazi mwishoni alikuwa akimwita hivyo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba aliyekuwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama aliyekuwa akishona mashuka ya hospitali, akakua mwembamba, mwenye maswali mengi, na chochote kilichofunguka alikifungua, na redio ya baba ndiyo iliyotangulia kulijua hilo.

Alianza shule ya msingi Januari 1982 na kumaliza mwaka 1988, akiwa si wa kwanza wala wa mkia, kisha mwaka 1991 akajiunga na chuo cha ufundi, upande wa samani, akahitimu Novemba 1993 akiwa na cheti pamoja na kovu la tindo kwenye kidole gumba cha kushoto, na vyote viwili aliwaonyesha wageni kwa fahari ileile.

Tarehe 7 Machi 1994 aliajiriwa katika kiwanda cha samani kilicho barabara ya reli, kitengo cha makochi, na huko ndiko alikopata jina lake, kwa kuwa alikuwa akikaa kwenye kochi mara moja tu, akijitikisa kidogo kama mtu anayetafuta usingizi, kisha anainuka na kuonyesha mahali springi ilipokatika, na kitambaa kikifunuliwa anakutwa kweli yuko sahihi, mpaka wenzake wakamwambia huyu siyo binadamu, huyu ni springi yenye suruali.

Tarehe 27 Juni 1998 alifunga ndoa na mkewe, karani wa mapokezi katika ofisi ya maji, mama huyu mliyemwona leo asubuhi akigawa viti kwa wageni msibani kwake mwenyewe kwa sababu hajui kukaa bure, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 2000 na mtoto wa kiume mwaka 2004, ambao wote wako hapa mbele.

Sasa hapa ndipo wasomaji wengi wa historia za marehemu hukohoa, wakaruka mistari kadhaa na kusema marehemu alipitia changamoto, lakini Springi hakulipenda neno hilo, alikuwa akisema changamoto ni tairi kupasuka, yeye alikuwa mlevi, na aliagiza mbele ya mkewe kwamba siku yake ikifika isomwe hivyohivyo bila kutiwa asali, basi inasomwa. Alianza kunywa na wenzake siku za mshahara, mwaka 2006 alipopandishwa kuwa msimamizi wa kitengo akaanza kunywa na siku zisizo za mshahara, na kufikia mwaka 2014, mkewe alipochukua watoto na kwenda kuishi kwa wazazi wake, alikuwa akinywa kabla ya kupiga mswaki. Wengi wenu mlimfahamu vizuri sana miaka ile, mlimcheka alipoanguka, mlimnunulia ili acheze, na walevi wengi wana marafiki wa aina hiyo, wapo tele mpaka siku mtu anapoacha.

Tarehe 2 Februari 2016 alijipeleka mwenyewe katika kituo cha matibabu ya uraibu, akakaa mpaka mwishoni mwa Aprili, akatoka amenenepa, macho meupe, mikono imetulia, na mshauri wake pale kituoni, ambaye leo ametuma salamu za rambirambi, alimwambia maneno ambayo Springi aliyarudia mpaka tukayakariri, kwamba matibabu ni kama kuvua kochi kitambaa kichafu, kazi ya kulivisha upya iko nyumbani, kwa hiyo akatafute watu wanaopita njia hiyohiyo, apate mtu mmoja wa kumpigia simu hamu inapompanda, na asikae na mikono mitupu.

Alipoanza kutafuta, ndipo hasira ya familia hii inapoanzia. Kiwandani walimpokea kwa furaha, wakapanga viti, wakamkalisha katikati, msimamizi mkuu akasimama akasema maneno mazuri ya kumpongeza kwa kuacha pombe, kisha mlango wa stoo ukafunguliwa, yakaletwa makreti mawili ya bia yamefungwa utepe mwekundu, zawadi ya wafanyakazi wenzake, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyeona kwamba kuna jambo haliko sawa. Springi alishukuru, akanywa maji, akaenda kukaa nyuma ya marobota ya sponji, na mwanamke anayefagia pale aliweka ufagio chini, akakaa naye mpaka akatulia, na familia inamkumbuka kwa hilo.

Alikwenda hospitali kuuliza kama kuna siku ya watu kama yeye kuonana na mtaalamu, dirishani akajibiwa, "Baba, hapa tunaona wagonjwa, wewe si umeshapona?" Alikwenda ofisi ya mtaa kuomba chumba cha mikutano, chumba ambacho sote tunajua kazi yake kubwa ni kutunza viti vibovu, akaambiwa ni cha vikundi vya maendeleo. Hata ndugu wa ukoo, na hao wanajijua, walimwambia awe anajitokeza kwenye shughuli lakini asitangaze habari za kituo, kwa sababu watu walikuwa wameambiwa alisafiri kikazi, na kwa heshima hiyo ya ukoo hakuna jirani aliyejua kwamba mtu huyu akipewa glasi anapewa sumu. Julai mwaka huohuo, siku ya mshahara, alikunywa, akanywa wiki nzima, na waliokuwa wakimsubiri aanguke walipumua kama watu waliolipwa deni.

Lakini aliinuka, na hilo halikusimuliwa vibarazani. Oktoba 2016 alisikia habari za mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye wanaomjua humwita Mama Chaki, na ambaye ameruhusu asemwe hapa, aliyekuwa ameacha pombe miaka mingi kabla yake na kuwakusanya wengine wachache katika darasa moja la shule kila Jumamosi alasiri, akaenda, akakaa nyuma, akaambiwa karibu na hakuulizwa kitu. Mama Chaki ndiye aliyekuwa mtu wake wa kupigiwa simu, na mkewe anasema mazungumzo yao yalikuwa mafupi ya kuchekesha, Springi anasema, "Mwalimu, imenishika," na mama yule anajibu, "Haya, umekula? Basi kula kwanza, kisha nipigie tena," na mara nyingi akishakula hamu inakuwa imepoa, na isipopoa anampigia tena, naye mama anapokea.

Januari 2017 aliacha kazi kiwandani, akafungua karakana yake katika kile chumba kirefu kando ya duka la vioo, na Aprili mwaka huo wazazi wa wanafunzi walipolalamika kwamba darasa la watoto wao linakaliwa na walevi, watu ambao kosa lao lilikuwa ni kukutana bila kulewa, kikundi kilifukuzwa, na Springi akawaambia, "Njooni kwangu, viti ninavyo." Kwa hiyo wakawa wanakalia makochi ya wateja yanayosubiri kutengenezwa, Jumamosi hii mtu amezama kwenye kochi la daktari, Jumamosi ijayo kochi limeshachukuliwa naye anakaa juu ya rundo la sponji, na kama mnakumbuka makochi yenu yalichelewa kidogo, sasa mnajua yalikuwa na kazi gani, na familia haiombi radhi.

Kiti kimoja tu hakikuuzwa wala kuhamishwa, kiti cha mkono mmoja kilichokaa karibu na mlango, cha mgeni, na alikiweka pale makusudi, akisema mtu anayekuja mara ya kwanza lazima aone anaweza kutoka akitaka, ndipo atakaa. Mwaka 2018 mkewe alileta kiti cha mama yake kutengenezwa, akaja kukichukua siku ya Jumamosi, akawakuta wamekaa, akakaa kwenye kiti hicho cha mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, na mwezi uliofuata akarudi nyumbani na watoto. Tangu ile wiki ya Julai 2016 Springi hakuonja tena pombe, iwe harusini, msibani au mahali pengine popote.

Jumanne iliyopita, tarehe 4 Machi 2025, baada ya saa sita mchana, alitoka kununua uzi, na akirudi, mbele ya duka la simu, shinikizo la damu lilimletea kiharusi, akashika nguzo, mguu mmoja ukakataa, mdomo ukaenda upande, akataka kusema na maneno yakatoka mazito. Mlimwona. Barabara ile haina ukimya mchana, na waliokuwa pale walikuwa watu wanaomjua kwa jina, mmoja akapaza sauti, "Springi karudi kazini!" watu wakacheka, kijana wa watu akatoa simu akampiga picha, wengine wakampita wakitikisa vichwa kwa masikitiko ya kujifanya, wakisema walijua tu, na yeye amekaa chini pale, anawaita kwa mkono mmoja uliobaki mzima, mpaka kivuli cha jengo kilipomfikia.

Aliyesimama ni dereva wa lori, mmoja wa wale wa Jumamosi, naye pia ameruhusu asemwe, alishuka, akapiga magoti, akamnusa mdomo, kwa sababu yeye harufu ile anaijua kuliko ninyi nyote, akakuta hakuna kitu, akambeba. Hospitalini mlinzi wa getini alimtambua, akasema huyu ni yule wa siku zote, akalazwa kwenye benchi la korido ili eti ulevi upungue, na angebaki hapo kama Mama Chaki asingefika na kusimama katikati ya korido akipaza ile sauti yake ya darasani mpaka daktari akatoka. Daktari alimpima, akasema ni kiharusi, akasema amechelewa kuletwa, na akasema pia, bila kuulizwa na mtu, kwamba damu yake haina pombe hata kidogo. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono wenye lile kovu la tindo, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Basi hilo ndilo jibu la minong'ono. Springi hakufa kwa pombe, alikufa kwa kumbukumbu zenu, mtu alikuwa amebadilika na ninyi mlikataa kubadilisha mnachokiona. Na kama kuna anayesema dada anavuka mipaka msibani, aende nyuma ya nyumba hii akaone makreti manne ya bia yaliyoletwa leo asubuhi kutoka kiwandani kwa ajili ya kumuaga, yana utepe mweusi safari hii, na yarudishwe yalikotoka kabla jeneza halijainuliwa.

Familia inamshukuru daktari yule aliyesema ukweli bila kuombwa, na wauguzi wa wodini waliomgeuza kwa upole, inawashukuru majirani waliokesha nasi, wale walionyamaza wakafanya kazi, inamshukuru mwanamke wa kiwandani anayefagia, mshauri wa kituo, Mama Chaki, dereva, na wengine wa Jumamosi ambao wako kati yetu sasa hivi na hawatatajwa. Wa mbele ya duka la simu familia haiwashukuru, na haitajifanya.

Leo ni Jumamosi. Binti yake ameomba isemwe kwamba tukitoka makaburini atafungua karakana alasiri kama kawaida, mwenye chumba kile ameshaambiwa na amekubali, na makochi yenu mtayakuta yanakaliwa. Na wewe kijana uliyempiga picha, tumekuona umekuja, tunajua kwa nini umesimama mbali na kwa nini unatafuna pipi za mnanaa tangu asubuhi, sisi tumeishi na mlevi, hatudanganyiki kwa mnanaa, dada yake amekesha siku mbili akitafuta neno la kukutukana, na neno alilolipata ni lile ambalo Springi mwenyewe angekwambia, kwamba kiti cha karibu na mlango kipo, hakuna mtu atakayekuuliza kitu, njoo ukae.

Springi, ndugu yetu, mikono yako imetulia, lala sasa kwa amani, mlango tutaufungua sisi.